"Bei ya mwisho ya nini, binti?"

Mwenzenu nimezaliwa Temeke, nimekulia Temeke, na riziki yangu naipatia Kariakoo. Nauza mikoba na viatu vya kike Mtaa wa Kongo, na kama kuna kitu nilichoamini hakuna wa kunifundisha hapa mjini, ni kupatana bei. Ndivyo nilivyokuwa nikijidanganya mpaka mwezi uliopita, nilipopanda basi kwenda Marangu, Kilimanjaro, kumposea kaka yangu mke. Nilikwenda mjanja, nimerudi mwanafunzi. Kaeni mkao wa kula niwape mkasa.

Kaka mwenyewe ni mtoto wa baba mdogo. Sisi ni Wapare wa Same. Shemeji ni Mchagga wa Marangu. Wamekutana hapa hapa Bongo, wakapendana, wakapanga chumba na sebule Tabata, na sasa mwaka wa pili wanaishi pamoja na mtoto keshaanza kutembea. Kwao shemeji? Hajafika mtu. Si barua, si mshenga, si hata salamu. Hapo ndipo penye soo lenyewe.

Sasa nyie mnaojua utani wa makabila haya mawili, mshaanza kucheka. Mpare, wanasema, yuko radhi auze ng'ombe apate nauli ya kwenda kortini kudai kuku wake. Na Mchagga, wanasema, ukitaka kuhakikisha kama kafa kweli, dondosha sarafu kitandani. Leo hao wawili wakae meza moja wapatane mahari! Nilijisemea moyoni, hili pambano hata kiingilio ningelipa.

Ukoo ukachanga. Kila mtu alitoa alichotoa, ikapatikana 3,500,000. Swali likawa nani ashike mshiko njiani. Baba mdogo akanitazama mimi. "Mwanaume akipewa hela, Mombo kuna nyama choma," akasema. "Shika wewe." Nikavimba kichwa. Hapo hapo akaongeza, "Lakini elewa. Hela utashika wewe, maneno tutasema sisi."

USO NDIO BEI

Kabla hatujapanda basi, niwaibie siri ya dukani, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyonipata.

Mteja akiingia kwangu, bei haipo kwenye mkoba. Bei ipo usoni kwake. Naangalia kiatu, naangalia simu, nasikiliza lafudhi. Akija kijana na mpenzi wake, huyo bei inapanda, kwa sababu hatabishana mbele ya mtoto. Akija mama mtu mzima na kikapu, nataja ya chini, maana huyo atasimama hapo mpaka adhuhuri. Akija mfanyabiashara wa Lubumbashi au wa Moroni anayenunua dazeni, huyo nampikia na chai. Kiswahili cha Kongo nakijua mpaka wanadhani nina shangazi huko.

Na mimi pia napimwa. Nikienda kuchukua mzigo kwa jumla, mwanaume akikaza bei wanamwita mjanja. Nikikaza mimi naitwa mkorofi. Wapo wanaoniuliza, "Dada, bosi wako yuko wapi tuongee naye?" Bosi ni mimi jamani! Basi nimejifunza kuzuga. Nasema, "Ngoja nimpigie mzee," nasogea pembeni na simu sikioni, naongea na hewa, narudi na jibu. Bei inashuka. Mzee ambaye hayupo ana heshima kuliko mimi niliyesimama hapo.

Na hili si la Bongo peke yake. Mwaka 1991 profesa mmoja wa sheria wa Marekani, Ian Ayres, alichapisha utafiti wake kuhusu maduka ya magari ya Chicago. Aliwatuma wanaume na wanawake, weupe na weusi, wakapatane bei ya gari jipya. Wote walikuwa wamefundishwa maneno yale yale na mbinu ile ile. Mnadhani nani alipewa bei nafuu? Wanaume weupe. Wanawake na watu weusi walitajiwa bei ya juu kabla hawajakaa sawasawa. Kwa hiyo Mtaa wa Kongo na Chicago ni baba mmoja, mama mmoja.

Na mimi nikaamini kwamba nikishajua kusoma uso, nimemaliza. Hapo ndipo nilipokosea.

SAFARI YENYEWE

Tuliondoka alfajiri kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Tulikuwa wanne. Baba mdogo alivaa suti. Mshenga wetu ni mwalimu mstaafu, mzee anayeongea Kiswahili kilichopigwa pasi. Shangazi alijitanda khanga yake na kikapu hakimtoki mkononi. Na mimi, na bahasha nimeifunga tumboni kwa kitambaa kama mkaja wa mzazi.

Nani asiyeijua njia ile? Chalinze, Segera, Mombo. Ukishaipita Mombo, milima ya Usambara imekukalia mkono wa kulia. Ikiisha, inakuja milima ya Upare, kwetu, nayo kulia vile vile, na kushoto ni mbuga kavu na mkonge. Zaidi ya kilometa 500 mtu umekaa, miguu imekufa ganzi.

Basi liliposimama Same, akina mama wakalizingira madirisha na vifurushi vya tangawizi. Nikauliza bei kwa Kiswahili, nikatajiwa. Shangazi akanisukuma na kiwiko, akatoa kichwa nje, akaongea Kipare. Yule mama uso ukamfunguka kama dirisha. Waliulizana kijiji, wakaulizana ukoo, wakacheka. Tangawizi ikaja kwa nusu ya bei, na furushi moja juu.

"Shangazi umemwambia nini?"

"Nimemwambia mimi mtoto wa nani. Wewe umemwambia una shilingi ngapi."

Nilicheka tu. Kipare changu ni cha kusalimia na kuombea chakula, basi. Sikujua kwamba somo lilikuwa limeshaanza.

NDIZI ZA MARANGU

Tulilala Himo. Asubuhi tukapanda gari dogo, watu tumepangwa kama dagaa, tukaanza kukwea. Wenzangu, nendeni Marangu hata mara moja kabla hamjafa. Unaacha vumbi la Himo nyuma, na kila kona baridi inaongezeka, na kijani nacho kinaongezeka. Migomba imefunga njia pande zote mbili, chini ya migomba kuna kahawa, na katikati maji yanatiririka kwenye mifereji ambayo mababu zao waliichimba kutoka juu mlimani. Kila familia na kihamba chake. Mawingu yakisogea, Kibo hiyo hapo, nyeupe, imekuchungulia.

Ilikuwa siku ya soko pale Marangu Mtoni. Muda ulikuwepo, mimi nikataka mkungu wa ndizi za kupeleka Dar. Niligundua kitu kimoja haraka. Wauzaji ni wanawake. Wanunuzi nao wengi ni wanawake. Shangazi akanieleza kwamba tangu zamani masoko ya mlimani yalikuwa himaya ya akina mama. Kahawa ilikuwa mali ya mwanaume, anayeipeleka kwenye chama cha ushirika, na ule muungano wao wa KNCU ni wa tangu mwaka 1933. Ndizi ilikuwa mali ya mwanamke. Hela ya kahawa ilikuja mara moja kwa msimu na kelele nyingi. Hela ya ndizi ilikuja kidogo kidogo, ndiyo iliyonunua chumvi na mafuta ya taa.

Nikamwendea mama mmoja aliyekaa nyuma ya mikungu ya mshare. "Mama, huu kiasi gani?"

"Elfu ishirini na tano."

Nikatumia silaha ya Kariakoo. "Elfu kumi." Akatikisa kichwa. Nikafanya ile yetu, nikageuka na kuondoka polepole, huku nikisubiri kuitwa. Mtaa wa Kongo hufiki hatua ya nne hujaitwa, "Dada njoo, leta hela!" Nilipiga hatua nne. Nikapiga kumi. Nikafika mwisho wa soko. Kimya. Nilipogeuka, akina mama wanaongea Kichagga chao na kucheka, na nilijua kabisa kichekesho ni nani.

Shangazi hakuuliza bei. Alifika, akampa shikamoo bibi mzee aliyekaa jirani, akaweka kikapu chini, akakaa kwenye gogo. Akauliza mvua zimekuwaje. Akauliza mtoto aliyebebwa mgongoni jina lake nani. Kichagga hajui hata neno, lakini alikuwa na kitu kingine mfukoni. "Mie ni Mpare," akasema, "msinifiche bei, maana nitawapeleka mahakamani." Soko zima likaangua kicheko. Yule mama akajibu, "Mpare! Basi shika mkoba wako vizuri, umekaa kwa Wachagga." Wakapigana viganja. Utani ndio uliokuwa lugha yake.

Mkungu ule ule ukaondoka kwa elfu kumi na tano, na maparachichi manne ya nyongeza.

"Kule kwenu mkiachana hamuonani tena," Shangazi akaniambia tukitembea. "Hapa huyu mama na yule wanateka maji mfereji mmoja. Ukimpa kisogo hujapunguza bei. Umemtukana."

SEBULENI

Saa tano tukawa ukweni. Nyumba ya matofali, ua safi, migomba mpaka dirishani. Tukapokelewa vizuri, tukakaribishwa mbege. Msiojua, hiyo ni pombe ya ndizi na ulezi, nzito kama uji, na usipoionja umeanza vibaya.

Wanaume walikaa sebuleni kwa kutazamana, kama timu mbili. Upande wao kulikuwa na msemaji, wajomba, baba wakubwa, na kwenye kiti cha kona mzee mwenyewe, baba yake shemeji, kofia kichwani, kimya. Mimi nilipewa kigoda karibu na mlango kwa sababu ya bahasha. Shangazi aliamkia watu, akapitiliza jikoni bila kuambiwa.

Msemaji wao akatoa karatasi ya daftari, akavaa miwani, akasoma. Ng'ombe watano, kila mmoja 800,000. Mbuzi watatu, 150,000 kila mmoja. Mkaja wa mama na blanketi la bibi, jumla 300,000. Kisha akanyamaza kidogo, akakohoa. "Na faini. Binti amechukuliwa bila ruhusa, miaka miwili, mtoto juu. Milioni moja."

Kichwa changu ni kalkuleta. 5,750,000. Tumboni kwangu kulikuwa na 3,500,000.

Mshenga akaanza kazi yake, na kwa kweli alikuwa bomba. Hakukataa kitu. Alishukuru kwa kila mstari. Alisema ua zuri halikosi miiba. Akauliza kwa adabu kama ng'ombe hao ni wa bei ya mnadani au ni wa bei ya ukoo. Wakacheka, wakashusha mbege, wakabishana juu ya ng'ombe ambaye hayupo kama vile kafungwa nje. Saa zima likapita. Kila mara wakikaribia faini, mazungumzo yanakwama. Msemaji anamtazama mzee wa kofia. Mzee anatazama sakafu. Msemaji anarudi, "Faini ni milioni moja."

Mwenzenu nikashindwa. Saa nzima kwa bidhaa moja! Kwangu wateja ishirini wangekuwa wameshapita. Na hela ninayo mimi, na hesabu ninayo mimi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Sasa wazee, bei ya mwisho ngapi?"

Nyumba ikaganda. Baba mdogo akafumba macho. Mshenga akaweka kata ya mbege chini taratibu. Na mzee wa kofia, ambaye tangu asubuhi hatujamsikia sauti, akainua kichwa akanitazama. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya.

"Bei ya mwisho ya nini, binti?"

Sikuwa na jibu. Bado sina. Nilisikia masikio yanawaka moto. Baba mdogo akanionyesha mlango wa nyuma kwa kidevu, nikainuka na bahasha yangu tumboni, nikaenda jikoni.

JIKONI

Jiko lilikuwa nje, nyuma ya nyumba. Akina mama kama wanane wamezunguka beseni la ndizi mbichi, wanamenya. Mikono wameipaka mafuta ili utomvu usiwagande. Shangazi yuko katikati yao na kisu, anamenya kama kazaliwa pale. Akaniona uso, akanisogezea kigoda na kisu kingine. Hakuniuliza.

Nilimenya, na machozi yananilenga. Mama mmoja, niliyekuja kujua ni shangazi yake shemeji, akasema bila kunitazama, "Wamekutoa?"

"Nimeuliza bei ya mwisho."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha ndizi. Lakini hawakunicheka vibaya, na mimi nikajikuta nacheka huku nalia. Ndipo yule shangazi mtu akaanza kusema, polepole, macho kwenye ndizi.

"Kaka yangu hana shida na hiyo milioni. Miaka miwili kila Jumapili akitoka kanisani watu wanamuuliza binti yako yuko wapi, haonekani. Anasema yuko kazini Dar. Anajua na wao wanajua. Mmekuja leo mna mbege, mna tangawizi, mna hela. Kuna mtu kasema samahani?"

Tukaangaliana na Shangazi. Kweli, jamani. Tangu tumeingia, mshenga kashukuru, kasifu, katania. Samahani hakuna aliyeitamka, kwa sababu sisi tulihesabu faini ni bei, na bei mtu anaipunguza. Kumbe ile milioni ilikuwa njia ya mzee ya kusema ameumia. Kila tulipoipunguza, tulikuwa tunamwambia hajaumia kiasi hicho.

"Tufanyeje?" Shangazi akauliza.

"Mlimani kwetu mtu akikosa haji na maneno matupu. Anakuja na isale."

Isale ni jani refu la mmea ambao Wachagga wanaupanda kwenye mipaka ya vihamba. Ukimletea mtu jani hilo kuomba msamaha, kwa mila yao hawezi kukufukuza. Lazima akusikilize.

Mnaona mambo? Dawa ya sebuleni ilikuwa jikoni tangu asubuhi. Lakini Shangazi hawezi kuingia sebuleni akaitamka, wala yule shangazi mtu hawezi kumwambia kaka yake mbele ya wageni. Hapo ndipo nilipopata kazi. Nikabebeshwa sinia la chai. Nikaingia nimeinamisha kichwa, msichana wa adabu kabisa, nikamimina kikombe cha kwanza kwa mwenye nyumba. Nilipofika kwa mshenga nikainama na kumwambia sikioni maneno matano: "Wanataka samahani, si hela. Isale."

Ualimu si mchezo. Yule mzee hata hakugeuka. Alikunywa chai yake nusu, akasema, "Wakwe zetu, tunaomba ruhusa tutoke nje tukashauriane."

JANI

Nje, baba mdogo akawa mbogo. "Jani? Jani linatoa milioni?" Shangazi hakubishana naye. Alimwambia, "Baba, wewe ndiwe mkubwa, utaamua. Ila nilikuwa nawaza, sijui itakuwaje ukiingia na kitu ambacho hawakutegemea Mpare akijue." Baba mdogo akatulia. Hilo la kuwashangaza Wachagga likamkaa vizuri. Dakika mbili baadaye lilikuwa wazo lake.

Yule shangazi mtu akatokea kwenye migomba kama anaokota kuni, akaacha jani kwenye gogo, akapita.

Waliporudi ndani, mimi na Shangazi tulisimama mlangoni. Mshenga akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kile kiti cha kona. Akapiga goti moja, akanyoosha jani kwa mikono miwili. Kile Kiswahili chake cha pasi akakiacha. "Mzee, tumekosa. Tumekaa na mtoto wako miaka miwili bila kukuamkia. Tunaomba utusamehe."

Mzee hakupokea. Hakukataa. Alilitazama lile jani. Ukimya ule, ndugu zangu! Kariakoo mteja akinyamaza, muuzaji ndiye anayeongea, na akiongea anapunguza. Ulimi uliniwasha. Shangazi alinibana mkono mpaka kucha zikaingia. Nadhani ilikuwa dakika tatu, kwangu mimi ilikuwa mwaka.

Kisha mzee akavua kofia. Akapokea jani. Akasema kitu kwa Kichagga, na msemaji akatufasiria kwamba faini imegeuka. Badala ya milioni moja, tutatoa 200,000 ya mbuzi na mbege, waliopo wale na wanywe pamoja, ili kesho kijiji kiseme tulikuja.

Baada ya hapo mambo yakateremka kama maji ya mfereji. Ng'ombe watano wakabaki watano, heshima ya binti haikupungua, ila tungelipa watatu leo na wawili wangekuwa deni. Mahari, walisema, haiishi siku moja, maana ukimaliza yote utaacha kuja. Mbuzi watatu, sawa. Kwenye mkaja na blanketi, baba mdogo akataka kujaribu bahati yake. Mshenga akamkanyaga mguu. Mkaja wa mama haupatanwi. Uchungu wa kuzaa hauna punguzo.

Nikaitwa na bahasha. Nikahesabu mbele yao, 3,350,000. Ikabaki 150,000. Nauli ya kurudi.

SHEMEJI AITWA

Nilidhani tumemaliza. Kumbe mwenyewe alikuwa hajaulizwa. Shemeji alitoka chumbani, amejitanda, akasimama katikati. Binti ambaye tangu asubuhi wanaume kumi na moja wanaongea juu yake, na sauti yake haijasikika. Msemaji akamuuliza, "Unawafahamu hawa wageni? Tupokee walicholeta?"

Kila mtu akajua atajibu nini. Wameishi pamoja miaka miwili, mtoto yuko mgongoni kwa dada yake hapo nje. Lakini hakujibu upesi. Aliangaza macho chumba kizima, akachukua muda wake wote.

"Mama amepata mkaja wake?" akauliza.

Mama yake, aliyekuwa amesimama nyuma yangu mlangoni na mikono bado ina utomvu, akasema, "Nimepata, mwanangu."

"Basi pokeeni."

Vigelegele vikaanzia jikoni.

NA MIMI JE?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iko wazi. Ndoa haiwi batili eti kwa sababu mahari haikulipwa. Kaka na shemeji wangeweza kwenda bomani na mashahidi wawili, wakamaliza. Wapo rafiki zangu wanaosema ingekuwa bora hivyo, kwamba mahari ni kumuuza mwanamke. Siwabishii, na wapo wanaume ambao wakishalipa wanahesabu kweli wamenunua. Nawaambia tu nilichokiona. Yule mzee hakutaka bei. Alitaka mtu aje.

Lakini kuna jambo linanikera mpaka leo. Kwenye basi la kurudi, baba mdogo alikuwa kwenye simu tangu Mwanga mpaka Korogwe. "Tuliwabana! Niliwashtukizia na jani, wakalegea wenyewe!" Kwenye kikao cha ukoo atapongezwa yeye, na mshenga atapewa shukrani yake. Shangazi alikaa dirishani anamenya chungwa.

"Shangazi, hutamwambia kweli?"

"Nikimwambia, safari nyingine hatanisikiliza," akajibu. "Mwache. Mwenye kutaka sifa na mwenye kutaka mke wote wamepata."

Ni hekima, najua. Lakini na mimi nikiongea na simu ambayo haina mtu upande wa pili, nafanya hicho hicho. Tunapatana kwa sauti za watu wengine. Siku yangu itakapofika, na kuna kijana wa Kisukuma ambaye sitamtaja ananipa matumaini, nataka Shangazi akae sebuleni, kwenye kiti, siyo mlangoni.

Kwa wewe unayejiandaa kwenda ukweni, chukua haya ya bure. Ukiona wenyeji wamekaza kwenye kitu kimoja, usikimbilie kupunguza, uliza kwanza kinauma wapi. Kimya cha mzee usikijaze maneno. Na ukitaka kujua kinachoendelea, msifu mwenye nyumba, halafu nenda kamenye ndizi.

Juzi kaingia dukani mama mmoja wa Lubumbashi. Badala ya kumtajia bei nikamkaribisha kiti, nikamuuliza safari ilikuwaje na watoto aliowaacha nyumbani. Tukaongea nusu saa. Kachukua dazeni nne za mikoba, na bei yenyewe kanipunguzia ile mbaya, utadhani na yeye kafundishwa na Shangazi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akitujalia.